Kesi ya kipigo cha ndoa inaanza na PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Inafia wapi?

#1
Fundi Baiskeli (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mwezi wa tatu mwaka huu dada yangu mkubwa alivunjwa mkono na mumewe. Chanzo sikisemi, maana kila nikikisema mtu ananiuliza "kwani alimjibu nini?" na mada inahama hapo hapo. Mkono ulivunjika, basi. Mimi ndiye niliyezunguka naye kuanzia usiku ule, na nimejionea kwa macho yangu mambo ambayo miaka yote nayasikia redioni ikikaribia Novemba 25, zile siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia zinapoanza.

Kituoni tulifika saa tano usiku. Askari wa kaunta akamtazama dada, akanitazama mimi, akauliza, "Haya si ya nyumbani? Wazee mmewaona?" Nikauliza Dawati la Jinsia na Watoto liko wapi. Lipo, chumba cha nyuma, ila afande wake anaingia asubuhi na jioni anaondoka. Sasa niambieni, ni mume gani anapiga saa za kazi?

Tuwe wa haki lakini. RB (namba ya taarifa ya kituoni) tulipewa, PF3 tulipewa, na hakuna aliyetuomba hela ya fomu. Na asubuhi tuliporudi nilikutana na kitu sikukitegemea: afande wa kike, hana sare, mlango umefungwa, simu kaiweka kimya, anamsikiliza dada karibu saa nzima bila kumkatiza. Dada alikuwa hajatoa chozi tangu usiku. Alilia pale. Nikasema kumbe hili dawati si la kupigia picha na wageni.

Tatizo lilianza jioni ile. Alale wapi?

Kwangu ni chumba na sebule, mke, watoto wawili na baiskeli za watu. Dada ana watoto watatu. Afisa ustawi wa jamii alitusikiliza vizuri, akapiga simu mbili tatu. Nyumba salama zilizokuwa karibu ni za mashirika na za dini, zimejaa, na zinapokea hasa mabinti na watoto. Mama mtu mzima mwenye plasta mkononi na watoto watatu nyuma yake hana fungu.

Siku ya tano akarudi kwa mume. Mapenzi hayakuwa na nafasi kwenye uamuzi huo. Watoto walitakiwa shule Jumatatu, sare ziko kule, cherehani yake iko kule, na ndiyo inayomlisha.

Mume wakati huo yuko nje kwa dhamana, anashinda kijiweni.

Swali langu kwa wanaojua: kati ya PF3 na hukumu, serikali imeweka nini cha kumshika huyu mama asidondoke?

#2
Dona Kavu

Pole kwa dada yako. Ila hizi nyuzi kila siku ni za wanawake tu. Wanaume wanaopigwa na kumwagiwa maji ya moto waende wapi? Halafu mkimfunga huyo shemeji, hao watoto watatu utawalisha wewe na spoku zako?

#3
Afande Mstaafu

@Dona Kavu, jina la dawati ni la Jinsia na Watoto. Nimepokea wanaume pale, na mmoja alikaa nje kwenye benchi siku mbili akijifanya amekuja kuulizia kitambulisho. Tatizo lao ni aibu, mlango uko wazi.

@Fundi Baiskeli, nimefanya kazi dawatini miaka sita kabla ya kustaafu. Madawati haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 2000, baada ya maafande wa kike kuunda mtandao wao ndani ya jeshi na kusema wazi kwamba mwanamke hawezi kueleza alivyobakwa pale kaunta, nyuma yake kuna mtu anaripoti kupotelewa na mbuzi. Leo yako zaidi ya 400 nchi nzima. Ni hatua kubwa, nilikuwepo kabla na baada.

Ila nikuambie ya jikoni. Unamfundisha askari jinsi ya kumhoji mtoto, jinsi ya kukaa na mtu aliyevurugika akili kwa kipigo. Akishaiva, anahamishwa usalama barabarani. Anakuja mpya ambaye hajapita kozi yoyote, na wewe unaanza moja. Pili, dawati linapokea, lakini upelelezi mara nyingi anakabidhiwa mpelelezi mwenye majalada mengine thelathini ya wizi na unyang'anyi. La mama aliyepigwa linakaa chini kabisa, maana "hao watapatana tu". Na usafiri. Mlalamikaji anaambiwa mtuhumiwa anajulikana alipo, sasa gari halina mafuta. Sitaficha, hayo yapo.

Fanya hivi. Kwanza, jua namba ya jalada na jina la mpelelezi, usikae na RB peke yake. Pili, angalia hati ya mashtaka inasema nini. Shambulio la kudhuru mwili mwisho wake miaka 5, kujeruhi vibaya ni miaka 7. Mfupa ukivunjika halafu mtu akaandika shambulio la kawaida, mnakwenda mahakamani na bunduki ya maji. Na hilo linategemea sana daktari alichoandika kwenye PF3.

Tatu, masharti ya dhamana. Unaweza kuomba mahakama imzuie mtuhumiwa asimkaribie shahidi. Watu hawaombi kwa sababu hakuna aliyewaambia kuwa linaombeka.

#4
Nesi wa Zamu

Naongezea kwa upande wetu, maana PF3 inatuhusu.

Mtu akija anavuja damu tunamtibu kwanza, fomu inafuata. Ukifika mahali wakikwambia "rudi polisi ukachukue fomu ndipo tukushike", omba kumwona mganga mfawidhi. Hii ni muhimu zaidi kwa aliyebakwa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zina saa 72 tu tangu tukio, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Kuna dada alikuja kwetu siku ya nne. Siku tatu za mwanzo alikuwa anazungushwa kati ya mjumbe, shangazi na kituo. Sikuwa na cha kumpa upande huo. Uso wake bado ninao.

Jingine: asioge, na nguo alizovaa aje nazo kwenye mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki unaozesha ushahidi.

Ndiyo maana vilianzishwa vituo vya Mkono kwa Mkono. Polisi, daktari, ustawi wa jamii na msaada wa kisheria wanakaa jengo moja, ili mama asisimulie jambo lile lile mara nne kwa watu wanne mitaa minne. Nilifanya kazi kwenye kimoja. Mgonjwa anaingia saa mbili, saa sita ametibiwa, maelezo yameandikwa, fomu imejazwa. Lakini viko kwenye hospitali chache, na mtu wa kijijini nauli ya kufika huko ni kubwa kuliko ya kwenda kituo cha polisi.

Na PF3 nayo ina ugonjwa wake. Mshtakiwa ana haki ya kutaka daktari aliyeijaza aje ahojiwe, na hakimu lazima amwambie haki hiyo. Asipoambiwa, mbele ya safari kwenye rufaa fomu inatupwa. Ikipokelewa bila kusomwa kwa sauti mahakamani, nayo inatupwa. Daktari naye amehamishwa mkoa mwingine, au yuko chumba cha upasuaji siku ya kesi. Nimeitwa mara tatu kwa kesi moja, mara mbili nikaambiwa imeahirishwa. Siku hizo wodini nani kanishikia zamu? Hakuna aliyeuliza.

#5
Mama Watatu

Shikamooni wakubwa, wengine marahaba.

Mimi ndiye mnayemsema. Nilifungua kesi, nikaenda mahakamani mara nne, ya tano nikamwambia hakimu nimemsamehe mume wangu.

Hakimu alikuwa mama mwenye miwani. Aliniuliza, "Kuna mtu amekutishia?" Nikasema hapana mheshimiwa. Ni kweli hakuna aliyenitishia. Mama mkwe alikuja kwangu na kilo mbili za mchele, akakaa kwenye mkeka, akasema tu, "Mwanangu akifungwa, mimi dawa za presha atanunua nani?" Hiyo si vitisho. Wifi alikuja kunisukia mtoto nywele. Mchungaji alikuja kuomba. Mama yangu mzazi alinipigia akasema na yeye alivumilia. Wiki mbili nyumba haikukauka wageni, na wote walikuja kwa upole.

Upande wa pili alikuwepo nani? Afande wa dawati, ambaye alinipa namba yake na alikuwa mtu mzuri, lakini hawezi kulala kwangu. Na tarehe za kesi. Kila tarehe ni nauli, ni siku sijachoma vitumbua. Upelelezi haujakamilika, rudi tarehe kadhaa.

Watu wanasema wanawake tunafuta kesi kwa ujinga. Mimi nilipiga hesabu, na hesabu ilikubali.

#6
Fundi Baiskeli

@Mama Watatu, dada yangu nimemsomea maneno yako neno kwa neno. Akasema, "Kumbe na kwao alikuja na mchele." Kwake ilikuwa sukari.

#7
Msaidizi wa Sheria

Habari za humu. Nafanya kazi za msaada wa kisheria ngazi ya kata. Nijibu swali la mwanzisha uzi moja kwa moja: katikati pale kuna pengo, na pengo hilo liko kwenye sheria yenyewe.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Mwaka 1971! Wazee wetu waliiandika kabla wengi humu hatujazaliwa. Lakini kifungu hicho hakina meno, hakisemi akipiga afanywe nini. Unarudi kwenye Kanuni ya Adhabu, ambako mume anashtakiwa kama mtu aliyempiga mpita njia. Mpita njia hulali naye nyumba moja usiku wa dhamana.

Tanzania Bara hatuna sheria maalumu ya ukatili wa majumbani. Majirani wanazo: Rwanda walitunga yao 2008, Uganda 2010, Kenya 2015. Faida yake kubwa ni amri ya ulinzi. Mahakama inaweza kumwambia mume atoke yeye, mke na watoto wabaki, kabla hata ya kesi ya jinai kuisha. Kwetu anayekimbia ni aliyeumia, na ndiye anayetafutiwa kitanda. Ukiwa na amri kama hiyo, nusu ya tatizo la nyumba salama linaondoka.

Upande wa ubakaji sheria ni kali tangu SOSPA, sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998: miaka 30 kwa uchache, na kwa mtoto chini ya miaka 10 ni maisha. Kesi inasikilizwa faragha. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba ushahidi bora wa kosa hilo ni wa aliyefanyiwa, kwa hiyo hata PF3 ikitupwa, kama alivyoeleza Nesi, kesi si lazima ife. Lakini ndani ya ndoa, sheria hiyo hiyo inamtambua mke kuwa amebakwa na mumewe pale tu wanapokuwa wametengana. Wengine mtasema sawa. Mimi nimekaa na wanawake wanaosimulia, siwezi kusema sawa.

Kuhusu kuondoka: wengi wanabaki kwa kuamini wataondoka mikono mitupu kwa sababu nyumba ina jina la mume. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, Mahakama ya Rufani ilishakubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Miaka zaidi ya 40 sasa, na bado nikiwaambia akina mama wananikodolea macho.

Na wale mnaoambiwa lazima mpite kwanza bodi ya usuluhishi kabla ya talaka: ni kweli, huo ndio utaratibu, lakini sheria inaruhusu kuruka hatua hiyo pakiwa na mazingira yasiyo ya kawaida. Mkono kuvunjika ni jambo la kumweleza hakimu.

Msaada wa kisheria ni bure chini ya Sheria ya 2017. Kuna wasaidizi wa kisheria kwenye kata, kuna mashirika ya wanasheria wanaosaidia wanawake kama TAWLA na WLAC, na tangu 2023 kuna kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia inayozunguka mikoani. Ila kampeni ikishaondoka, waulize nani anaendelea na jalada lako. Mahema yakishakunjwa ndiyo kazi inaanza.

#8
Chuni wa Pemba

Asalam aleykum. Huku kwetu tunaita udhalilishaji. Serikali ya Zanzibar imeweka mahakama maalumu za kesi hizi, na mtuhumiwa wa kubaka hapati dhamana. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu inatoa takwimu kila mwezi, wilaya kwa wilaya, kwa hiyo hakuna wa kusema hajui.

Lakini jamani, muhali! Bara sijui mnauitaje. Mtenda ni ami yake mtoto, anakuja nyumbani siku ya Idi, sote tunajua, na hapana anayesema. Shahidi anaitwa mahakamani anasema "sikumbuki vizuri". Unaijenga mahakama, ushahidi unabaki nyumbani umejifunika kanga.

#9
Dona Kavu

Sasa mbona takwimu zinasema ukatili umepungua? Au serikali ikifanya vizuri hamtaki kusikia?

#10
Mtu wa Hesabu

@Dona Kavu, umeuliza vizuri, tuzitazame. Utafiti wa afya ya uzazi wa 2015/16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu wafikishe miaka 15. Wa 2022 ulikuta 27. Ukatili wa kingono ulitoka 17 ukafika 12. Ukeketaji ulitoka 10 ukafika 8. Huo ni mserereko wa kweli, na ni haki kuusema.

Sasa kumbuka MTAKUWWA, ule mpango kazi wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto wa 2017/18 hadi 2021/22, ulilenga kupunguza kwa nusu. Hatukufika nusu, tulifika kama theluthi kwenye kipigo. Awamu ya pili imezinduliwa 2024. Na 27 katika 100 bado ni zaidi ya mmoja kati ya wanne. Ukikaa kwenye daladala hesabu mwenyewe.

Nina swali langu pia. Majibu haya yanatokana na mwanamke kumwambia karani ana kwa ana. Kama aibu imeongezeka, namba inashuka bila kipigo kushuka. Kama uelewa umeongezeka, namba inapanda bila kipigo kupanda. Ndiyo maana mimi ripoti za polisi zikiongezeka siogopi. Mkoa ambao hakuna anayeripoti ndio unaonitisha.

Halafu watu wanausoma MTAKUWWA kama mpango wa polisi. Una maeneo manane, na la kwanza kabisa ni kuimarisha uchumi wa kaya. Waliouandika walishayajua ya Mama Watatu kabla hajayaandika humu.

#11
Mama Watatu

Wa kwanza kabisa ni uchumi? Basi nilipokwenda kuulizia mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya wanawake, waliniambia lazima niwe na kikundi, katiba, akaunti. Mwanamke aliyefungiwa simu na mumewe kikundi anakipatia wapi? Sijalaumu, nimeuliza. Nilikuja kukipata baada ya mwaka, kwenye kikoba cha kanisani. Sasa nina jiko la gesi la vitumbua na akaunti kwa jina langu. Akinigusa leo nitakwenda tarehe zote.

(Hajanigusa tena. Sijui ni jiko au ni uzee.)

#12
Afande Mstaafu

Hilo la Mama Watatu nimeliona mara nyingi. Waliofika mwisho wa kesi karibu wote walikuwa na kitu kimoja kati ya viwili: hela yao wenyewe au ndugu mmoja asiyechoka. @Fundi Baiskeli, wewe ndiye huyo ndugu. Usichoke kabla ya kesi.

Na kitu kimoja wengi hawakijui. Kesi hiyo ni ya Jamhuri, dada yako ni shahidi. Wakwe wakimshinikiza "nenda kafute", awajibu kwa unyenyekevu kabisa kuwa kesi si yake, wamfuate wakili wa serikali. Nimeona neno hilo likimwondolea mtu mzigo. Mchele ataupokea, lawama hataipokea.

Kwa mtoto, namba ni 116, ni bure, inapokea usiku na mchana.

#13
Dona Kavu

Sawa, nimesoma zote. Bado nasema kifungo kinavunja nyumba. Ila hilo la mume atoke yeye, watoto wabaki, nimelifikiria. Mimi nilipokuwa mdogo tulikuwa tunatoka sisi. Usiku, na mama, kwenda kwa bibi, kilomita nne kwa miguu. Mzee anabaki analala.

Tuachie hapo.

#14
Fundi Baiskeli (mwanzisha uzi)

Wakuu, narudi na mrejesho, samahani nimekaa kimya.

Nilikwenda kwa mpelelezi na namba ya jalada kama alivyosema Afande. Shtaka lilikuwa shambulio. Tukarudi hospitali, picha ya eksirei ikaambatanishwa, limebadilishwa kuwa kujeruhi. Mahakamani wakili wa serikali ameomba mshtakiwa asifike anapoishi shahidi, hakimu amekubali.

Maana dada ametoka tena, na safari hii ametoka na mpango. Mke wangu ndiye aliyeamua, si mimi. Sebule tumeigawa kwa pazia, baiskeli za wateja zinalala kwa jirani. Kubanana kupo, sitadanganya. Wakwe walikuja Jumapili na sukari. Dada akawaambia kesi ni ya Jamhuri. Baba mkwe akauliza Jamhuri ndiyo nani, amfuate. Tulicheka baada ya wao kuondoka, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu.

Kesi yenyewe ilikuwa juzi. Imeahirishwa. Daktari amehamia mkoa mwingine, inabidi aitwe upya. Nesi alishatuambia.

Cherehani tumeichukua Jumamosi, mtendaji wa mtaa akatupa barua na mjumbe akasimama kama shahidi. Kikanyagio kimepinda, sijui kilirushwa au kilidondoka. Kiko hapa kwenye benchi yangu, nakinyoosha kesho asubuhi kabla ya wateja.